Leonard Cheshire, rubani wa mabomu aliyemaliza maisha yake kando ya vitanda vya wagonjwa

Msafiri anayetoka Butembo au Beni, akapita mpaka wa Kasindi na kufika Kampala, anaweza kuona upande wa kaskazini wa mji huo, kwenye njia ya Gayaza, kituo cha watoto wenye ulemavu kinachoitwa Katalemwa Cheshire Home. Kituo hicho kilianza kazi mwaka wa 1970. Watoto wanaletwa hapo kwa ajili ya matibabu, mazoezi ya viungo na vifaa vya kuwasaidia kutembea.

Cheshire aliyeachia kituo hicho jina lake hakuwa daktari wala padri. Alikuwa rubani wa vita. Kati ya mwaka wa 1940 na 1944 aliangusha mabomu Ujerumani na Ufaransa, akaongoza kikosi cha 617, kikosi cha ndege za mabomu kilichojulikana kuliko vyote katika jeshi la Uingereza, na akapewa medali ya juu kabisa ya nchi yake. Baada ya vita aliishi miaka mingine 47, na karibu yote aliitumia kutafutia mahali pa kulala watu ambao hospitali ziliona haziwezi kuwafanyia kitu tena.

Kijana wa Oxford aliyependa magari

Geoffrey Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tisa 1917 mjini Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alikulia karibu na Oxford, ambako baba yake alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu na mwandishi wa vitabu ambavyo wanasheria wa Kiingereza walivitumia kwa miaka mingi. Leonard naye alisoma sheria huko Oxford, katika chuo cha Merton. Hakuwa mwanafunzi wa kukesha na vitabu. Alipenda magari ya mbio, maisha ya starehe na kuonekana mbele za watu.

Akiwa chuoni alijiunga na kundi la wanafunzi waliofundishwa kurusha ndege. Vita vilipoanza mwezi wa tisa 1939, jeshi la anga la Uingereza, RAF, lilihitaji vijana wa namna yake. Mwezi wa sita 1940, siku ambazo Ufaransa ilikuwa inaanguka mikononi mwa Ujerumani, alitumwa katika kikosi cha 102 kilichotumia ndege za mabomu aina ya Whitley.

Usiku wa tarehe 12 mwezi wa kumi na moja mwaka huo, ndege yake ilipigwa juu ya mji wa Cologne. Mlipuko ulitoboa ubavu wa ndege, moto ukawaka ndani, na kijana aliyeshughulikia redio akaungua vibaya. Wenzake walizima moto, na Cheshire akairudisha ndege hadi Uingereza ikiwa na tundu kubwa ubavuni. Alipewa medali ambayo kwa kawaida haikutolewa kwa ofisa wa cheo kidogo kama chake. Alikuwa na miaka 23.

Hesabu ya kifo

Ili kuelewa maisha ya rubani huyo, ni lazima kujua hesabu ya kazi aliyoifanya. Watu kama 125,000 walipanda ndege za mabomu za Uingereza katika vita hivyo. Zaidi ya 55,000 kati yao waliuawa. Zamu moja ya kazi ilikuwa na safari 30, na baada ya hapo mtu alipumzishwa. Wengi hawakufika ya 30. Cheshire alifanya zamu nne. Alifika safari 100.

Ndugu yake Christopher, naye rubani wa mabomu, aliangushwa mwaka wa 1941 na kubaki mfungwa wa Wajerumani hadi mwisho wa vita.

Mwezi wa nane 1942 Cheshire alipewa kikosi cha 76, kilichotumia ndege aina ya Halifax. Ndege hizo zilikuwa zinapotea nyingi mno. Aliamuru baadhi ya vibanda vya bunduki viondolewe, ndege ziwe nyepesi na rubani aweze kuziongoza vizuri zaidi. Alijifunza pia majina ya watu wake wote, hata mafundi waliobaki chini wakitengeneza injini. Mwezi wa nne 1943, akiwa na miaka 25 tu, alipandishwa cheo na kupewa kambi nzima. Kazi ikawa ya ofisi na makaratasi. Aliichukia.

Kikosi cha 617

Wakati huohuo, jeshi la anga lilikuwa limeunda kikosi kipya. Kikosi cha 617 kilianzishwa mwezi wa tatu 1943 katika kambi ya Scampton, chini ya Guy Gibson, kwa kazi moja ya siri: kubomoa mabwawa makubwa ya maji yaliyolisha viwanda vya bonde la Ruhr huko Ujerumani. Mhandisi Barnes Wallis alikuwa amebuni bomu la tani zaidi ya 4 lililoruka juu ya maji kama jiwe la mtoto anayecheza kando ya ziwa, hadi kugonga ukuta wa bwawa na kuzama kabla ya kulipuka. Bomu hilo lilipaswa kuangushwa usiku, ndege ikiwa mita 18 tu juu ya maji.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa tano 1943, ndege 19 aina ya Lancaster ziliondoka na watu 133. Mabwawa ya Möhne na Eder yalivunjika. Ndege 8 hazikurudi, watu 53 waliuawa na 3 wakakamatwa. Huko chini, mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,200. Wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa wageni waliotekwa kutoka nchi nyingine, wakiwemo wanawake wa Urusi na Ukraine, waliofanyishwa kazi ya nguvu na kufungiwa katika kambi chini ya bwawa.

Magazeti ya Uingereza yalishangilia. Lakini miezi minne baadaye kikosi hicho kilitumwa kupiga mfereji wa Dortmund-Ems, na katika usiku mmoja kilipoteza ndege 5 kati ya 8, pamoja na mkuu wake mpya. Katika jeshi kukawa na maneno kwamba 617 ni kikosi cha watu wa kufa.

Hapo ndipo Cheshire alipoomba kukiongoza. Kwa cheo alichokuwa nacho haikuwezekana, hivyo alikubali kushushwa. Alifika mwezi wa kumi na moja 1943.

Usiku wa Limoges

Shida aliyoikuta ilikuwa ya kupiga mahali panapotakiwa. Usiku, mabomu yaliangushwa kwa kufuata mioto ya alama iliyotupwa na ndege zilizotangulia kutoka juu sana. Mwezi wa kumi na mbili 1943, huko Flixecourt, Ufaransa, mabomu ya 617 yaliangukia vizuri kabisa kwenye alama, lakini alama zenyewe zilikuwa mamia ya mita kando ya shabaha. Hakuna kilichoharibiwa.

Cheshire alisema kwa vitendo kwamba alama lazima ziwekwe na mtu anayeona shabaha kwa macho yake, yaani anayeruka chini kabisa, juu ya mapaa ya nyumba, mbele ya bunduki. Mtu huyo akawa yeye mwenyewe.

Usiku wa tarehe 8 mwezi wa pili 1944 shabaha ilikuwa kiwanda cha injini za ndege katika mji wa Limoges, Ufaransa. Kiwanda kiliwafanyia kazi Wajerumani, lakini wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa Wafaransa, wengi wao wanawake, na nyumba za raia zilikuwa karibu. Cheshire aliruka chini juu ya kiwanda mara tatu bila kuangusha kitu. Kelele za injini nne zilitosha kuwaeleza waliokuwa ndani. Watu walikimbia nje. Aliporudi mara ya nne, aliweka alama katikati ya paa, na ndege zilizobaki zikakibomoa kiwanda.

Kuonya watu namna hiyo kulikuwa hatari. Wajerumani nao walipata muda wa kujiandaa, na rubani anayepita mahali pamoja mara nne hutoa nafasi nne za kupigwa. Usiku huo ulionyesha kwamba hata katika vita vile, ambamo mashambulizi ya mwezi wa saba 1943 juu ya Hamburg peke yake yaliua watu zaidi ya 30,000, mkuu wa kikosi aliweza kuchagua kubeba sehemu ya hatari ili raia wasiibebe.

Baadaye aliacha Lancaster na kutumia ndege ndogo zaidi, Mosquito kisha Mustang, kwa kazi hiyohiyo ya alama. Usiku wa kuamkia tarehe 6 mwezi wa sita 1944, Wamarekani, Waingereza na washirika wao walipoingia Normandy, kikosi cha 617 hakikuangusha hata bomu moja. Ndege zake zilizunguka juu ya bahari kwa saa nyingi zikimwaga vipande vya karatasi ya madini, hatua kwa hatua, ili rada za Wajerumani zione kundi kubwa la meli likielekea mahali ambapo hapakuwa na meli yoyote.

Siku mbili baadaye kikosi kilitumia kwa mara ya kwanza bomu jipya la Barnes Wallis, lenye uzito wa zaidi ya tani 5, kuziba njia ya reli chini ya mlima huko Saumur. Tarehe 6 mwezi wa saba 1944, Cheshire alielekeza mabomu ya namna hiyo juu ya Mimoyecques, ambako Wajerumani walikuwa wanajenga mizinga mikubwa ya kupiga London. Baada ya safari hiyo wakubwa walimsimamisha. Mwezi wa tisa alipewa Victoria Cross. Wengi hupewa medali hiyo kwa tendo la siku moja, lakini yeye alipewa kwa miaka minne ya kwenda na kurudi.

Nagasaki, na madini ya Kongo

Mwaka wa 1945 Cheshire alikuwa Washington katika ofisi za kijeshi za Uingereza. Serikali ya London ilimchagua pamoja na mwanasayansi William Penney waende kutazama bomu la atomu likitumika. Tarehe 9 mwezi wa nane 1945, akiwa ndani ya ndege ya Kimarekani, aliona kwa mbali wingu likipanda juu ya mji wa Nagasaki. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu karibu 70,000 wa mji huo walikuwa wamekufa.

Hapa historia ya rubani huyo inakutana na historia ya Kongo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mpango wa bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mwaka wa 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ametuma zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, na Wamarekani walipoyatafuta mwaka wa 1942 waliyakuta tayari katika ghala. Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani. Lile la Nagasaki lilikuwa la plutoni, ambayo hutengenezwa kutokana na urani.

Wakongomani walilipa vita hivyo kwa njia nyingine pia. Mwaka wa 1942 serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Askari wa Force Publique walipigana Ethiopia na kuwashinda Waitaliano huko Saio mwezi wa saba 1941. Na hospitali ya kivita kutoka Kongo, yenye wauguzi na wabebaji Wakongomani, ilihudumia majeruhi hadi Burma. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyepata umaarufu wa Cheshire.

Mgonjwa wa kwanza

Cheshire aliacha jeshi mwanzoni mwa mwaka wa 1946 akiwa amechoka mwili na roho. Ndoa yake ya kwanza, na mwigizaji wa sinema Mmarekani, ilikuwa imevunjika. Alijaribu kuanzisha kijiji cha askari wa zamani wapate kuishi na kufanya kazi pamoja. Mradi ulikufa kwa madeni na ugomvi, akabaki na nyumba kubwa tupu, Le Court, kusini mwa Uingereza.

Mwaka wa 1948 hospitali moja ilimpigia simu. Arthur Dykes, mmoja wa watu walioishi hapo zamani, alikuwa na kansa isiyotibika. Hospitali ilihitaji kitanda chake kwa mgonjwa mwingine, na yeye hakuwa na pa kwenda. Cheshire alitafuta mahali akakosa, basi akamchukua mwenyewe. Hakuwa na muuguzi, wala pesa, wala ujuzi. Rubani mwenye Victoria Cross alijifunza kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumwaga choo chake na kulala karibu naye apate kusikia akiita usiku.

Dykes alikufa mwezi wa nane mwaka huo. Alikuwa Mkatoliki, na mazungumzo yao yalimgusa Cheshire sana. Usiku wa kuamkia Noeli 1948 naye alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Wakati huo nyumba ilikuwa imeanza kujaa: wazee, wenye kupooza, vijana wenye magonjwa ya kudumu, wote wakiletwa na habari kwamba kuna mtu asiyewakataa.

Nyumba zikaongezeka. Kati ya 1952 na 1954 Cheshire mwenyewe alilazwa kwa kifua kikuu na kukatwa sehemu ya pafu, lakini aliendelea kupanga kazi akiwa kitandani. Nyumba ya kwanza nje ya Uingereza ilifunguliwa Bombay, India, mwaka wa 1956. Katika mji huohuo, mwezi wa nne 1959, alimwoa Sue Ryder, Mwingereza aliyekuwa anawahudumia watu waliotoka katika kambi za mateso za Wajerumani. Walipata watoto wawili.

Afrika nayo ikaingia katika kazi hiyo. Nchini Ethiopia kituo cha Menagesha, karibu na Addis Ababa, kilipokea watoto waliolemazwa na polio. Kenya na Uganda zikafuata na vituo vyao. Katika kila nchi, wenyeji waliunda kamati yao na kutafuta pesa zao, na jina tu likabaki moja.

Waliomkosoa

Haikuwa sifa tupu. Miaka ya 1960, upinzani ulitoka ndani ya Le Court. Paul Hunt na wakaaji wengine waliokuwa na ulemavu walipinga kuamriwa saa ya kulala na nani wa kuwatembelea. Walidai sauti katika uongozi, kisha wakaenda mbali zaidi: kwao, mtu mwenye ulemavu hakuhitaji nyumba ya pekee iliyojengwa mbali na wengine, alihitaji msaada wa kuishi katikati ya jamaa na majirani, na kazi. Fikra hizo zilisaidia kuzaa harakati za haki za watu wenye ulemavu nchini Uingereza. Leo shirika lenye jina la Cheshire nalo linazungumza lugha hiyo, na vituo kama Katalemwa vinafanya kazi ili mtoto arudi nyumbani na shuleni.

Wengine walimwuliza kuhusu mabomu. Wengi walidhani aliwahudumia wagonjwa kwa sababu ya kujuta. Yeye alikataa maelezo hayo. Hadi mwisho alishikilia kwamba vita dhidi ya Hitler vilikuwa vya lazima, na kwamba bomu la atomu lilikatisha vita ambavyo vingeua wengi zaidi. Kuna wanaokubaliana naye na kuna wasiokubali. Lakini alishikilia jambo la pili pia: vita vikiisha, waliobaki wazima wana deni kwa walioumizwa, na deni hilo halilipwi kwa mnara wa kumbukumbu peke yake.

Malkia alimpa heshima ya Order of Merit mwaka wa 1981, na mwaka wa 1991 akaingia katika baraza la malodi. Tarehe 31 mwezi wa saba 1992 alikufa huko Cavendish, mashariki mwa Uingereza, kwa ugonjwa unaoua neva za misuli na kumfanya mtu ashindwe kutembea, kushika, na mwishowe kupumua. Yeye aliyewabeba wengine alibebwa miezi yake ya mwisho. Aliacha nyumba zaidi ya 200 katika nchi karibu 50.

Deni ambalo Beni na Butembo wanalijua

Katika wilaya ya Beni, ambako mauaji ya raia yameendelea tangu mwezi wa kumi 2014, habari za kila juma huhesabu waliokufa. Majeruhi hutajwa kwa mstari mmoja, kisha hupelekwa hospitali, Oicha, Beni au Butembo. Baada ya kidonda kupona na kitanda kuhitajika kwa mwingine, mtu aliyekatwa mkono au mguu hurudi kwa jamaa ambayo mara nyingi yenyewe imekimbia shamba lake. Mama au dada ndiye anayegeuka kuwa muuguzi, bila mafunzo na bila mshahara, kama Cheshire mbele ya Arthur Dykes.

Swali ambalo hospital ile ya Uingereza ilimpigia Cheshire simu mwaka wa 1948 lilikuwa dogo: mtu huyu atalala wapi kesho? Katika Kivu ya Kaskazini linaulizwa hadi leo, na wanaolijibu ni majirani wenye nyumba ya vyumba viwili.